Jiwe la Mwanza na Sheria ya Vitu Vidogo

Watu waliovuka Kigongo kabla ya mwezi wa Juni, 2025, walivuka kwa subira. Kivuko kilikuwa ndiyo njia, na aliyekuta kimekwisha ondoka alikaa ufukoni kukingoja kirudi kutoka Busisi. Tarehe 19 Juni ya mwaka huo daraja lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa, likapewa jina la Rais John Pombe Magufuli, na subira ile ikawa historia. Mimi ni mmoja wa waliongoja mara nyingi. Sijuti, kwani katika kungoja huko niliona jambo ambalo lilinitia katika fikira kwa miaka mingi, nalo ndilo asili ya insha hii.

Kivuko kilipokuwa kikija kilisukuma mawimbi upande mmoja, na mtumbwi wa mvuvi ulisukuma mengine upande wa pili. Mawimbi hayo yalipokutana hayakupigana kama mafahali; yalipitana. Mahali fulani maji yalipanda maradufu. Mahali pengine yalitulia kana kwamba hapakuwa na wimbi lolote. Kisha kila wimbi likaendelea na safari yake. Na kando ya maji hayo yalikuwako mawe ya matale, jamaa ya lile Jiwe la Bismarck linalosimama ziwani mjini Mwanza, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Wimbi halikuwa na mahali pamoja pa kukaa. Jiwe lilikuwa na mahali pamoja tu, nalo halikupaacha.

Wataalamu wa fizikia wanatuambia kwamba jiwe lile limejengwa kwa vitu vidogo ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, kina tabia ya wimbi. Basi jiwe lilipata wapi ruhusa ya kuacha tabia ya vitu vilivyolijenga? Hili ndilo swali letu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wala si mwanafizikia, na sidai elimu nisiyokuwa nayo. Lakini historia ya swali ni mali ya kila msomaji, na lugha isiyoweza kuuliza swali kubwa hubaki ikipokea majibu ya wengine. Aidha, sehemu ya historia hii ilipita katika nchi zetu wenyewe, na ni aibu ndogo kwamba ni wachache wetu wanaoijua.

Tuanze na sheria yenyewe. Katika miaka ya 1925 na 1926, Werner Heisenberg na Erwin Schrödinger, kila mmoja kwa njia yake, waliandika kanuni za elimu iitwayo mekanika ya kwanta. Kwa kanuni hizo, elektroni ikielekezwa kwenye ukuta wenye matundu mawili haichagui tundu moja na kuacha la pili. Hali yake ni jumla ya njia zote mbili, na jumla hiyo huacha alama mithili ya mawimbi yaliyokutana. Lakini kila tukiitafuta ilipo, twaikuta mahali pamoja. Hivyo elimu hii ina sehemu mbili zisizofanana: moja ni mwendo wa wimbi, laini na wenye hesabu kamili, ya pili ni uamuzi wa ghafula, ambao hesabu hutaja tu kadiri ya kutazamiwa kwake. Mwaka 1935 Schrödinger aliionyesha taabu hiyo kwa mfano wa paka aliyefungiwa katika sanduku, ambaye kwa hesabu ya wimbi angekuwa hai na maiti kwa pamoja. Hakuna aliyepata kumwona paka wa namna hiyo. Ni nini basi kinachoamua, na huamua lini?

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi ni nini kinachobadilika katika tabia ya punje zinapokuwa nyingi. Wengi katika wanafizikia hujibu kwamba hakuna kinachobadilika. Jiwe, wanasema, hupigwa kila nukta na hewa, joto na mwanga. Mapigo hayo hutawanya alama za wimbi lake katika mazingira yote, hata zisiweze kukusanywa tena. Sheria ni ile ile kwa jiwe na kwa elektroni. Tofauti ni kwamba jiwe haliwezi kuficha siri yake. Jibu hili ni zuri na limethibitishwa mara nyingi katika maabara. Hata hivyo laacha jambo moja: laeleza kwa nini hatuoni alama za mchanganyo wa hali, lakini halielezi kwa nini katika hali mbili twapata hii na si ile. Kwa sababu hiyo wachache wamefikiri njia nyingine. Wao wanauliza kama uzito wenyewe, yaani mvutano, ndio unaoivunja sheria ya wimbi pindi kitu kinapokuwa kikubwa.

Mvutano haukuwa mgeni katika nchi hizi. Katika miaka ya 1899 na 1900, Wajerumani wawili, Ernst Kohlschütter na Hans Glauning, walisafiri katika koloni lao la Afrika Mashariki wakiwa na mizani ya ajabu, ambayo si mizani bali ni timazi inayobembea. Timazi hubembea upesi pale mvutano ulipo na nguvu, na polepole pale ulipopungua. Basi kwa kuhesabu mibembeo yake mtu aweza kupima mwamba ulio chini ya miguu bila kuchimba hata shimo moja. Katika miaka ya 1933 na 1934, Edward Bullard wa Cambridge alikuja Afrika Mashariki kwa kazi ya namna hiyo hiyo, akachapisha matokeo yake mwaka 1936. Katika Bonde la Ufa mvutano ulionekana kuwa mdogo kuliko ulivyotarajiwa. Maelezo aliyotoa Bullard juu ya asili ya bonde yaliachwa baadaye, lakini vipimo vilibaki.

Nataja habari hizi kwa kuwa ndani yake mna fundisho tutakalolihitaji. Kila chenye tungamo huvuta. Mlima huvuta, jiwe huvuta, na timazi iliyo karibu husikia mvuto huo. Sasa tulifikirie jiwe dogo lililowekwa katika mchanganyo wa hali, nusu hapa na nusu pale. Je, mvuto wake nao utakuwa nusu hapa na nusu pale? Timazi iliyo kando italalia upande gani?

Swali la namna hiyo lilitolewa mwaka 1957 na Richard Feynman katika mkutano wa wanafizikia huko Chapel Hill, Marekani. Alieleza kwamba ikiwa mekanika ya kwanta ni kweli kwa vitu vyote, basi mvutano nao hauna budi kufuata kanuni zake. Na kama hatutaki kukubali hivyo, lazima tukubali kwamba mekanika ya kwanta hushindwa mahali fulani katika njia ya kutoka vidogo kwenda vikubwa. Yeye mwenyewe alielekea upande wa kwanza, lakini mlango wa pili hakuufunga. Mwaka 1966 Frigyes Károlyházy wa Hungaria alipita katika mlango huo. Alidai kwamba majira na nafasi havikunyooka kikamilifu, bali vina utata mdogo usioondoka, na kwamba utata huo hauidhuru elektroni kwa muda wowote unaofaa kutajwa, bali huvuruga wimbi la kitu kizito upesi sana.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia katika hadithi. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, chombo cha kilo mia na arobaini hivi kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Roketi na chombo vilikuwa vya Wamarekani, jukwaa la Waitalia, bahari ya Kenya. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, alichagua kukiita chombo hicho Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya haki: pako karibu sana na ikweta, hivyo mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepukana na sehemu ya anga juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe nyingi za umeme huvuruga vipimo.

Uhuru kilikuwa chombo cha kwanza kuundwa mahususi kwa ajili ya kuzitazama nyota kwa eksirei, mnururisho ambao hewa yetu huuzuia usifike chini. Kilifanya kazi hadi Machi, 1973, na orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339. Kimojawapo, kiitwacho Cygnus X-1, kilikuwa kimekwisha gunduliwa kwa roketi mwaka 1964. Lakini Uhuru kilionyesha kwamba eksirei zake hubadilika upesi mno, hata chanzo chake lazima kiwe kidogo sana. Wanajimu wa darubini wakaikuta hapo nyota kubwa inayozungushana na mwenzi asiyeonekana kwa muda wa siku tano na zaidi ya nusu. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vyasema mwenzi huyo ana tungamo la kama jua 21. Kitu kizito kiasi hicho na kidogo kiasi hicho hakina jina jingine ila shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Sitaki msomaji aongezewe sifa zisizo zake. Chombo cha Uhuru hakikuthibitisha lolote juu ya mekanika ya kwanta, wala wenyeji wa Malindi hawakuvumbua shimo jeusi. Lakini kabla ya miaka hiyo mashimo meusi yalikuwa mambo ya karatasini, na baada yake yalikuwa vitu vyenye mahali angani. Hata Stephen Hawking na Kip Thorne, mwezi wa Desemba, 1974, walipinga rehani juu ya Cygnus X-1. Hawking, ambaye maisha yake yote ya elimu yalitegemea mashimo meusi, aliweka rehani kwamba hicho si shimo jeusi, ili kazi yake ikiharibika apate walau faraja ya kushinda. Mwaka 1990 alikiri kwamba ameshindwa.

Mwaka huo huo wa 1974 Hawking alikuwa ametangaza kwamba shimo jeusi si jeusi kabisa. Kanuni za kwanta zikitumiwa kando yake, shimo hutoa joto, hupungua, na mwishowe huweza kutoweka. Joto hilo, kwa hesabu yake, halikuchukua habari yoyote ya vitu vilivyomezwa. Kitabu na jiwe vyenye tungamo sawa vingeacha majivu yale yale. Mwaka 1976 alisema waziwazi matokeo yake: mahali hapo mvutano unaivunja kanuni ya kwanta isemayo kwamba habari haipotei. Mwaka 2004 aliigeuza rai hiyo akakubali kwamba habari hurudi, lakini hakuwaridhisha wote.

Asiyeridhika kuliko wengine alikuwa Roger Penrose, mwenzake wa zamani, ambaye mwaka 2020 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kuonyesha kwamba mashimo meusi ni zao la lazima la nadharia ya Einstein. Tangu miaka ya 1980 Penrose amefuata fikira hii: shimo jeusi likimeza habari, mambo mengi yaliyopita huwa na wakati ujao mmoja, basi ili mizani isawazike, lazima mahali pengine wakati uliopita mmoja uwe na nyakati zijazo nyingi. Na hilo tunalijua. Ni ule uamuzi wa ghafula wa mekanika ya kwanta. Kwa hiyo, alisema, uamuzi huo si udhaifu wa macho yetu bali ni tukio la kweli, na mvutano ndio unaolileta.

Kisha akaeleza kwa njia nyepesi zaidi, katika makala yake ya mwaka 1996. Einstein alifundisha kwamba kitu kizito hupinda nafasi na majira. Jiwe likiwa hapa hupinda hivi. Likiwa pale hupinda vile. Mchanganyo wa hali mbili ni mchanganyo wa majira mawili yasiyolingana, kama nyumba yenye saa mbili zinazobishana bila ya mwamuzi. Nyumba hiyo haiwezi kudumu. Itaanguka upande mmoja baada ya muda ambao hupungua kadiri tofauti ya mvutano kati ya hali mbili inavyokuwa kubwa. Lajos Diósi wa Hungaria alikuwa amefikia kanuni ya muda ule ule kwa njia nyingine katika miaka ya 1980.

Uzuri wa rai hii ni kwamba inatoa hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 Penrose alikadiria kwamba nyutroni moja yaweza kukaa katika mchanganyo wa hali kwa zaidi ya miaka milioni 10; ndiyo maana hatupati kuiona ikianguka yenyewe. Tone la maji lenye nusu-kipenyo cha sehemu moja ya 10,000 ya milimita lingedumu saa kadhaa. Likiwa sehemu moja ya 1,000, lingedumu sehemu moja ya 20 ya sekunde. Likiwa sehemu moja ya 100, halingefikisha sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tazama umande unaopanda alfajiri juu ya Ziwa Nyanza: ndani ya ukungu ule, kama Penrose ni mkweli, umepita mpaka kati ya dola mbili. Upande huu wa mpaka tone ni wimbi. Upande ule ni jiwe.

Lakini rai nzuri si ushahidi, na historia ya elimu ina makaburi mengi ya rai nzuri. Tuwaulize wapimaji. Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner waligawa njia ya nyutroni mara mbili, moja juu na moja chini, na wakaona mvutano wa dunia ukilisogeza wimbi kama hesabu ya Schrödinger ilivyoagiza. Mvutano na kwanta vilikutana pale bila ugomvi, lakini nyutroni ni nyepesi mno kuleta ugomvi. Huko Vienna, mwaka 1999, molekuli za atomi 60 za kaboni zilionyesha tabia ya wimbi. Mwaka 2019 zilionyesha hivyo molekuli za atomi zipatazo 2,000. Kila mara sheria ya wimbi ilishinda, ingawa bado tuko mbali sana na tone la ukungu.

Jaribio lililowagusa wengi lilifanywa Italia, katika maabara ya Gran Sasso, chini ya mwamba wa mita 1,400 hivi. Ikiwa uamuzi wa mvutano ni tukio la kweli, chembe zenye umeme zapaswa kutikiswa nao, na chembe inayotikiswa hutoa mwanga dhaifu wa jamii ya eksirei. Wachunguzi waliweka kipande cha jermaniamu ndani ya risasi na shaba, wakakisikiliza kwa muda wa miezi miwili hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: mwanga uliotabiriwa haukuwako. Namna nyepesi kabisa ya nadharia ya Diósi na Penrose ikaanguka. Penrose hakukubali kwamba rai yake mwenyewe lazima itoe mwanga huo, na namna nyingine za nadharia zimesalia. Lakini uwanja umekuwa mwembamba. Nami huona ajabu moja: eksirei ndizo zilizotafutwa angani kutoka Malindi, nazo hizo hizo, au dada zao, zikatafutwa tena chini ya mlima wa Italia. Mara ya kwanza kuonekana kwake kulikuwa habari. Mara ya pili kutoonekana kwake kulikuwa habari vile vile.

Mwaka 2017 makundi mawili ya wataalamu, moja la Sougato Bose na wenzake, jingine la Chiara Marletto na Vlatko Vedral, yalipendekeza kulitenda lile swali la Feynman kwa mikono: kuweka vijiwe viwili vidogo sana, kila kimoja katika mchanganyo wa hali, na kuangalia kama mvutano pekee waweza kuzifunga hali zao pamoja. Ukiweza, mvutano nao ni raia wa kwanta. Na mwaka 2023 Jonathan Oppenheim alichapisha nadharia iliyo kinyume: kwamba mvutano si wa kwanta hata kidogo, bali huongozwa na bahati nasibu ndani yake. Majaribio ya kuamua kati yao ni magumu mno, na bado hayajatimia.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lisiachiwe wanafizikia peke yao. Tumezoea kufikiri kwamba mkubwa ana sheria yake. Mara kwa mara wanafunzi huniambia kwamba hayo ya kwanta ni ya vitu vidogo na kwamba hayatuhusu sisi, kana kwamba ukubwa ni cheo kinachomtoa mwenye nacho katika sheria. Wote niliowataja hapa, wa upande huu na wa upande ule, walikataa uvivu huo. Wanaosema sheria ni moja walitakiwa waeleze jinsi jiwe linavyoitii bila kuonekana. Wanaosema jiwe lina sheria ya ziada walitakiwa waitaje sheria hiyo, waiandikie hesabu, na waiweke mahali inapoweza kushindwa. Károlyházy, Diósi na Penrose walifanya hivyo, na sehemu ya kazi yao ikashindwa kwa heshima. Mtu aliyesema tu kwamba vikubwa ni vikubwa hakushindwa kamwe, kwa kuwa hakusema kitu.

Juzi nilipita juu ya daraja la Kigongo kwa gari, na safari iliyokuwa ikichukua subira ya mchana iliisha kwa dakika chache. Nguzo zilisimama kila moja mahali pake, na mhandisi aliyezihesabu hakuhitaji kujua kwa nini zina mahali. Chini yake mawimbi ya mitumbwi yalikuwa yakipitana kama zamani. Nawaombea wanafunzi wetu wa fizikia na wa Kiswahili waketi siku moja pamoja ufukoni pale, wenye hesabu wakiwa na hesabu zao na wenye maneno wakiwa na maneno yao, wakaulizane jiwe linakaaje mahali pamoja. Neno la lugha hii lilikwisha kwenda angani mwaka 1970. Yafaa wenye lugha nao wajue lilikwenda kutazama nini.